Mambo 4 ya kuandika kwenye mwongozo wa mhusika wa gemu

Kwenye gemu za mtandaoni za kuigiza uhusika, mwongozo wa mhusika unaeleza jinsi ya kumjenga mpiganaji: pointi ziende wapi, avae nini, apigane vipi. Ukiandikwa ovyo, anayeumia ni mgeni aliyeufuata.

Mfano ni Diablo II ya mwaka 2000. Kila ngazi anayopanda, mhusika hupata pointi 1 ya ujuzi na 5 za mwili. Hadi toleo la 1.13 la mwaka 2010, pointi ukishaiweka ilikuwa hairudi. Ukikosea, ulilazimika kuanza na mhusika mwingine. Kwa kijana wa Rusumo aliyecheza kwa bando, hiyo ilikuwa hela imepotea.

1. Namba ya toleo. Toleo la 1.10 la mwaka 2003 lilifanya ujuzi mmoja uongeze nguvu ya mwingine. Miongozo mingi ya zamani ikapitwa na wakati.

2. Vifaa vya kuanzia. Mgeni hana silaha adimu. Taja kwanza zile zinazopatikana kirahisi.

3. Sababu. Usiseme tu "nguvu ziishie hapa". Eleza kwamba zinatosha kubeba ngao, zinazobaki ziende kwenye uhai. Akikosa ngao hiyo, atajua cha kubadilisha.

4. Udhaifu. Mchawi anayetegemea moto pekee hukwama kwenye hatua ya Hell, maana kule wapo maadui wasioungua. Liseme hilo mwanzoni, kabla mtu hajatumia pointi zake.

Na kama hujamjaribu mhusika huyo hadi mwisho, andika umefika ngazi ya ngapi.