Dungu juu ya mti: jinsi mpiga upinde wa Marekani alivyojifunza kumngoja ayala

Mwaka 1934 jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, lilifungua msimu wake wa kwanza wa kuwinda ayala kwa upinde. Msimu ulipofungwa, ayala aliyeandikishwa kuwa ameuawa kwa mshale alikuwa mmoja tu. Walioingia msituni hawakuwa wazembe. Waliwinda wakiwa ardhini, majani makavu yakilia chini ya viatu vyao, na mnyama waliyemtafuta alikuwa amekwisha kuwasikia na kuwanusa kabla hawajamwona.

Ayala mkia-mweupe anakaribiana kwa umbo na kulungu wetu, ila dume lake huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote bila kugeuka. Nyekundu na rangi ya chungwa hazioni vizuri, lakini mkono ukitikisika tu, ameuona. Mwenye bunduki humpiga akiwa mbali. Mwenye upinde anahitaji kuwa naye ndani ya mita 20 au 25, na hapo bado hajainua mkono kuvuta uzi.

Mtu aliyewafundisha Wamarekani wa leo namna ya kupunguza umbali huo alikuwa Ishi, wa mwisho katika kabila la Wayahi. Watu wake walimalizwa na mauaji ya walowezi, naye Agosti 1911 akatokea peke yake, amedhoofika kwa njaa, karibu na mji wa Oroville, California. Chuo Kikuu cha California kilimpa makazi katika jumba lake la makumbusho mjini San Francisco. Huko alifanya urafiki na daktari wa upasuaji, Saxton Pope, akamwonyesha kuchonga upinde na kuwinda. Siku moja kabla ya kuwinda, Ishi hakula samaki wala kuvuta tumbaku. Alfajiri alioga mtoni, akajisugua kwa majani yenye harufu nzuri, akasukutua kinywa, akaondoka bila kula. Akishajificha, aliweka jani lililokunjwa kati ya midomo na kutoa sauti ya mtoto wa ayala anayelia, mpaka mnyama akaja mwenyewe.

Ishi alifariki Machi 1916 kwa kifua kikuu. Pope aliyaandika aliyojifunza katika kitabu kilichotoka mwaka 1923, na hadi leo wapiga upinde wa Marekani hukihesabu kuwa msingi wao. Deni hilo litajwe waziwazi: mchezo wanaojivunia waliupokea kutoka kwa mtu ambaye nchi yao ilimwangamizia ukoo mzima.

Mwaka 1925 Pope na mwenzake Art Young walifika hadi Tanganyika, wakawinda simba kwa mishale katika nyika za Serengeti. Filamu ya Young ya safari zake za Alaska ilionyeshwa mjini Detroit mwaka 1927, na kijana mmoja aliyeitazama, Fred Bear, akaja kuanzisha kampuni iliyouza pinde nchi nzima. Mafundi hao wote bado walikuwa watu wa kunyatia ardhini.

Wakati huo ayala wenyewe walikuwa haba. Kufikia mwaka 1900 uwindaji wa kuuza nyama na ngozi ulikuwa umewapunguza Marekani nzima hadi takriban nusu milioni. Sheria kali, na kodi ya bunduki na risasi iliyotengwa mwaka 1937 kugharimia hifadhi ya wanyamapori, viliwarudisha. Sasa wanakadiriwa kuwa kama milioni 30. Misimu ya upinde ikaongezeka jimbo baada ya jimbo, na hapo ndipo watu walipoanza kutazama juu.

Kungoja mnyama mahali pa juu si jambo geni duniani. Mkulima wa Rufiji hulala kwenye dungu akilinda mpunga dhidi ya nguruwe, na nchini India Jim Corbett, aliyekuja kumalizia maisha yake Nyeri, alimpiga chui mla watu wa Rudraprayag mwaka 1926 akiwa juu ya mwembe. Mmarekani alianza kwa mbao zilizopigiliwa misumari penye panda ya mti. Misumari ilijeruhi miti na mbao zikaoza. Kuanzia miaka ya 1970 vikaenea viti vya chuma vya kubebeka mgongoni, vinavyokaza shina kwa mnyororo au mkanda. Upinde nao ulikuwa umebadilika: mwaka 1969 Holless Wilbur Allen wa Missouri alipata hataza ya upinde wenye roda kwenye ncha zake. Roda hizo hupunguza uzito wa uzi ukishavutwa hadi mwisho, hivyo mtu anaweza kuushikilia akisubiri mnyama apige hatua moja zaidi. Kwa mtu aliyekaa kitako juu ya mti, hiyo ilikuwa neema.

Anayejua kazi hachagui mti kwanza. Huanza na njia ya ayala, kati ya wanakolala na wanakolisha, kisha upepo, ili harufu yake ipeperuke mbali na njia hiyo. Mti ndio wa mwisho: uwe mnene kuliko mgongo wake, na nyuma yake pawe na matawi ya kuvunja umbo lake. Kiti hufungwa mita 5 hadi 7 juu, wiki kadhaa kabla ya msimu, ili wanyama wakizoee. Ukipanda zaidi ya hapo, mshale hushuka wima mno na mapafu yote mawili huwa magumu kuyapata. Mnyama aliyejeruhiwa na kwenda kufia mbali ni aibu ya mwindaji, na mwenye adabu huacha kupiga kuliko kubahatisha.

Ila dungu limeleta balaa lake. Kuanguka mtini ni miongoni mwa ajali kubwa za wawindaji wa ayala, na wengi huvunjika uti wa mgongo. Mikanda ya zamani ya kiunoni iliweza kumbana pumzi aliyening'inia, ndiyo maana sasa hutumika mkanda unaoshika mabega, kifua na mapaja.

Wasomaji wetu wengi wanaishi Ohio, Iowa na Minnesota, na baadhi yao wamealikwa na majirani kwenda kuwinda. Majimbo mengi hudai cheti cha mafunzo ya uwindaji, kipate kwanza. Kisha jifunge mkanda kabla mguu haujaacha ardhi, na upinde uvute juu kwa kamba ukishaketi.