Waridi la Jangwani: Ua Linalovumilia Kiangazi Chote Halafu Linakufa Kwa Sababu Unalimwagia Maji

Kama keja yako iko fourth floor, jua linapiga balkoni kutoka asubuhi hadi jioni na maji ya mfereji huja mara mbili kwa wiki, kuna ua moja lilitengenezwa kwa maisha kama yako. Ukifika kwa wale wasee wa kuuza miche kando ya Ngong Road au Kiambu Road, sema tu "desert rose" na watakuelewa mara moja. Kwa Kiswahili ni waridi la jangwani. Ni ule mmea wa shina nene kama chupa, matawi machache, na maua ya pinki yanayotokea hata wakati hauna jani hata moja.

Wengi hulinunua, linawabamba miezi mitatu, halafu shina linakuwa laini na mmea unadedi. Wanasema ati ni mmea mgumu kutunza. Hapana. Huu ni mmea rahisi sana, ila unataka uuelewe: kiu hauiogopi, unaogopa mizizi iliyokaa kwenye maji. Soma hii yote kabla hujatoa ganji yako.

Huu mmea ni wa hapa hapa

Usidhani umetoka Marekani kwa sababu umeuona TikTok. Jina lake la kisayansi ni Adenium obesum, na makao yake ni nchi kavu za Afrika kutoka Senegali hadi Afrika Mashariki, pamoja na Rasi ya Uarabuni. Hapa Kenya unamea wenyewe kwenye miamba na vichaka vya Samburu, Turkana, Tsavo na Ukambani. Kama umewahi kupita huko wakati wa kiangazi ukaona kitu cha pinki kinang'aa katikati ya majani makavu, huenda ndio huo.

Jina Adenium limetokana na Aden, ule mji wa bandari wa Yemen. Pehr Forsskål, mtafiti wa mimea kutoka Uswidi, aliukuta Yemen na akauandika. Alifariki huko huko mwaka wa 1763, na kitabu chake kikachapishwa mwaka wa 1775. Hilo neno obesum nalo ni Kilatini, maana yake ni mnene. Yaani wanasayansi waliuangalia, wakaona kitambi, wakaupatia jina la kitambi.

Na si waridi kamili. Ndugu zake ni frangipani na oleanda, si yale mawaridi ya Valentine.

Kitambi kinafanya kazi gani?

Kile kitambi ndicho tangi la maji. Mvua ikinyesha, mizizi inavuta maji na kuyaweka kwenye shina. Kiangazi kikifika, mmea unadondosha majani ili usipoteze maji kupitia kwayo, halafu unaishi kwa akiba. Ndio maana unaweza kusafiri ushago wiki tatu, urudi uupate uko fiti.

Lakini tangi likijaa na bado unamwaga, mizizi inakosa hewa na kuanza kuoza. Uozo unapanda hadi kwenye shina, na ukiuona kwa macho, umeshachelewa nusu safari. Kila kitu nitakachokuambia hapa chini, kuanzia chungu hadi mahali pa kuuweka, kinarudi kwa hiyo pointi moja.

Chungu na udongo

Chungu kiwe kipana kuliko kilivyo kirefu, na lazima kiwe na matundu chini. Mkebe wa rangi ni sawa, beseni kuukuu ni sawa, bora utoboe. Chungu cha udongo wa mfinyanzi ni poa zaidi kwa sababu kinakauka haraka, ila jua kwamba mizizi ikinenepa inaweza kukipasua. Ile sahani ya chini ya kuzuia maji yasichafue sakafu, imwage kila ukimaliza kunyunyizia. Maji yakikaa pale ni kama hukutoboa chungu.

Udongo ndio mahali watu wanakosea. Ukijaza ule udongo mweusi wa pamba wa Embakasi au Athi River, unajenga kaburi, maana unashika maji kwa siku nyingi na ukikauka unakuwa jiwe. Tengeneza mchanganyiko wako:

- Sehemu mbili za mchanga mnene wa mto au kokoto ndogo. Mchanga wa baharini uache, una chumvi.
- Sehemu moja ya udongo mwekundu wa kawaida.
- Nusu sehemu ya samadi iliyooza vizuri. Ikiwa bado inanuka, haijaiva.
- Vipande vidogo vya makaa au matofali yaliyovunjwa, ukiwa navyo.

Jaribu hivi: mwaga kikombe cha maji juu. Yakipotea ndani na kuanza kutoka chini haraka, umeweza. Yakisimama juu kama kidimbwi, ongeza mchanga.

Maji: sheria ya kidole

Usiweke ratiba ya "kila Jumamosi". Tia kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, ondoka, rudi siku nyingine. Ukiwa mkavu kabisa, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu usiuguse tena hadi ukauke. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku ni mbaya kuliko kumwagilia sana mara moja kwa muda mrefu.

Kenya yenyewe haina hali moja ya hewa, kwa hivyo jipange:

- Nairobi, Januari na Februari: jua ni kali na mmea unakua. Kumwagilia mara moja kwa wiki hivi kunaweza kutosha, lakini kidole ndicho kinaamua.
- Mvua ndefu, Machi hadi Mei: sogeza chungu mahali mvua haifiki. Usiongeze maji yako juu ya maji ya Mungu.
- Baridi ya Juni hadi Agosti: mmea unalala. Majani yatakuwa ya manjano na kudondoka. Watu wengi hapa hupaniki na kumwaga maji, na hapo ndipo wanauua. Wacha ulale. Mara moja kwa wiki tatu au nne inatosha.
- Mombasa, Garissa, Lodwar: joto liko mwaka mzima, mmea utakunywa zaidi na kukua haraka zaidi.
- Limuru, Nyahururu, Eldoret: usiku wa baridi uingize ndani karibu na dirisha. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 mmea unaanza kuumia.

Jua

Angalau saa 6 za jua la moja kwa moja kila siku. Kwenye meza ya sebuleni utakuwa hai kwa muda lakini utarefuka kama mkonge uliopotea njia, shina jembamba, hakuna ua. Kama ulinunua mmea uliokuwa kivulini, usiutoe ghafla kwenye jua la saa sita. Uzoeshe kwa wiki mbili, kwanza jua la asubuhi tu, la sivyo ngozi ya shina itaungua.

Kuanza: mbegu au tawi?

Hapa ndipo pesa inaokolewa, kwa sababu kule kwa wauzaji bei hupanda na unene wa kitambi.

Mbegu hukupa kitambi kizuri. Zilaze juu ya mchanganyiko wenye mchanga mwingi, zifunike kwa mchanga mwembamba, uweke mahali penye joto na unyevu kidogo. Mbegu mpya huchipua ndani ya wiki moja hivi. Ukizitunza vizuri, ua la kwanza linaweza kuja baada ya mwaka mmoja hadi miwili.

Tawi ni haraka zaidi kutoa maua lakini kitambi huchelewa sana kujitengeneza. Kata kipande kirefu kama kiganja, kiache kivulini wiki moja hadi jeraha likauke, ndipo ukipande. Ukikipanda kibichi kitaoza.

Kama rafiki yako ana mmea uliozaa, tafuta maganda mawili yaliyokaa kama pembe za mbuzi. Yafunge na kipande cha soksi nyembamba kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina manyoya pande zote mbili na upepo ukizipata utazitafuta hadi mtaa wa pili.

Na usitapeliwe: hakuna waridi la jangwani la rangi ya bluu. Zile mbegu za "blue" zinazouzwa mtandaoni na picha za kung'aa ni uongo wa kompyuta. Pinki, nyekundu, nyeupe, zambarau iliyokolea, hizo zipo. Yale maua ya safu nyingi kama sketi ya harusi pia yapo. Mengi hutoka kwa wazalishaji wa Thailand na Taiwan, na kwa kawaida huunganishwa juu ya shina la kawaida, kwa hivyo mbegu zake hazikuhakikishii ua kama la mama.

Usiende kung'oa porini

Kuna wasee wanaona ni hasla rahisi: enda Kajiado au Makueni, ng'oa mmea mnene kichakani, uza mjini. Ile minene ya porini ina miaka mingi sana. Ikichimbwa, mizizi inakatwa, na mingi hufia mikononi mwa mnunuzi. Ndani ya hifadhi ya taifa, kung'oa mmea bila ruhusa ni kosa la kisheria. Ukiona unauzwa mmea mkubwa wenye makovu, shina limechubuliwa na mawe, mizizi imekatwa vibaya, uliza umetoka wapi. Ukikosa jibu, pita. Chukua mdogo aliyekuzwa kitaluni, ukue naye.

Hii sehemu usiiruke: una sumu

Ukikata tawi, utomvu mweupe unatoka. Huo utomvu una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kule Tanzania huupika kutengeneza sumu ya mishale ya kuwindia. Ndio huo huo ulio kwenye balkoni yako.

Hii haimaanishi ukiugusa unakufa. Inamaanisha hivi: vaa glavu au mfuko wa plastiki ukikata, nawa mikono na sabuni, osha kisu kabla hakijarudi jikoni. Utomvu ukiingia jichoni, suuza na maji mengi na uende hospitali. Kama kuna mtoto anayetambaa kwenye nyumba, au watoto wa ploti wanacheza kwenye ngazi, weka chungu juu ambapo mkono wao haufiki. Mbwa, paka na mbuzi wa mathee ushago pia wako kwenye hiyo listi. Mtoto akitafuna jani, usingoje uone vile itakuwa wala usimpe maziwa ukisema yatamaliza. Mbio hospitali, na ubebe kipande cha mmea daktari akione.

Ukiona hivi, fanya hivi

Shina limesinyaa kidogo lakini udongo ni mkavu: ni kiu. Mwagilia vizuri mara moja na litajaa baada ya siku chache.

Shina ni laini kama parachichi lililoiva sana na udongo umelowa: ni uozo. Ng'oa mmea wote, osha mizizi, kata sehemu ya kahawia kwa kisu safi hadi ufikie nyama nyeupe isiyo na doa. Uache kivulini wiki moja au mbili jeraha likauke, panda kwenye mchanganyiko mpya mkavu, na usimwagilie kwa wiki nzima.

Vitu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo: ni vidung'ata. Vipanguse na pamba iliyolowekwa spiriti, kisha nyunyizia maji yenye sabuni kidogo, jioni, si kwenye jua kali.

Majani yana vidoadoa na utando mwembamba kama wa buibui: ni utitiri. Osha majani chini na juu kwa maji, rudia baada ya siku chache.

Majani mengi, hakuna maua: jua ni kidogo au mbolea ina naitrojeni nyingi. CAN iache kwa mahindi. Tumia mbolea yenye fosforasi na potasiamu ya kutosha, kiasi kidogo, na wakati mmea unakua tu. Baridi ikifika, hakuna mbolea.

Matawi marefu yasiyo na mpangilio: baridi ikiisha, mwezi wa tisa hivi, yakate. Kila tawi litachipua mawili au matatu, na kwa sababu maua hutokea kwenye ncha za matawi, ncha nyingi ni maua mengi.

Ukihama

Kila baada ya miaka miwili badilisha udongo na chungu. Ukipanda upya, inua mmea kidogo sehemu ya juu ya mizizi ionekane, kitambi kitazidi kuwa na shepu. Na landlord akiongeza rent ukahama, unaubeba na mkono mmoja kwa matatu. Usimwagilie siku mbili tatu kabla ya safari ili chungu kiwe chepesi, funga matawi na kamba laini, na ukifika keja mpya kitu cha kwanza tafuta upande unaopata jua la asubuhi.