Kumchagua mpiga picha wa mtoto mchanga: uliza haya kabla ya kukubali

Siku hizi akina mama wengi hapa Kileo wanapenda mtoto apigwe picha nzuri akiwa bado mchanga, wengine hata kabla ya arobaini. Sioni ubaya wowote. Mtoto hukua haraka, na picha itabaki. Ila mtoto wa wiki moja si bwana harusi. Mpiga picha anayesifiwa kwenye harusi za Mwanga na Moshi anaweza asijue kabisa jinsi ya kumshika mtoto ambaye shingo yake haijakaza.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize amewahi kupiga picha watoto wachanga wangapi, na ni nani anayemshika mtoto wakati yeye yuko nyuma ya kamera. Jibu zuri ni hili: mama, bibi au msaidizi anakaa karibu na mtoto, mkono ukiwa juu yake au pembeni yake muda wote. Akikuambia "tutamwegesha tu, hatikisiki", mshukuru na utafute mwingine.

Kuna picha mnazoziona mitandaoni, mtoto ameegemeza kidevu kwenye viganja vyake kama mtu mzima anayewaza. Mtoto mchanga hawezi kukaa hivyo. Zile ni picha mbili zilizounganishwa kwenye kompyuta. Katika moja mtu ameshika kichwa cha mtoto, katika nyingine ameshika mikono, kisha vidole vya mtu huyo vinafutwa. Usikubali mtoto wako ajaribiwe pozi hilo. Usikubali pia akunjwe mpaka kidevu kiguse kifua, maana njia ya hewa inaweza kuziba bila mtoto kutoa sauti. Kumning'iniza kwenye kitambaa, au kumweka kwenye kikapu juu ya meza au stuli, hapana. Picha ya mtoto amelala chali juu ya kitenge kitandani, au kifuani kwako, inatosha na inapendeza.

Jambo linalosahaulika zaidi huku kwetu ni baridi. Kileo kuna joto, kwa hiyo hakuna anayefikiri mtoto anaweza kupoa. Niliwahi kuitwa na jirani, mtoto ana siku 6. Alikuwa amevuliwa nguo zote na kuwekwa kwenye beseni lenye kitambaa chepesi, na feni inazunguka kwa sababu mpiga picha alikuwa anatokwa jasho na taa zake. Baada ya kama saa moja mtoto alikuwa amelegea, miguu ya baridi, hataki ziwa. Tulimweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, tukamvalisha kofia na kuwafunika wote wawili, kisha tukawapeleka zahanati. Alipona vizuri. Joto la mwili wa mtoto mchanga linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na mwili wake mdogo hupoteza joto haraka. Kama uko juu milimani, Usangi au Ugweno, usimvue kabisa. Na huku tambarare usifanye kinyume chake, ukamfunika mablanketi matatu saa nane mchana ili picha ipendeze.

Mpiga picha aje nyumbani. Kumpakia mtoto wa siku tano kwenye bodaboda kwenda studio, vumbi na upepo njia nzima, wewe mwenyewe una mshono, sioni sababu. Akifika anawe mikono kwa sabuni na maji tiririka. Akiwa na kikohozi au mafua arudi siku nyingine, hata kama amekuja kutoka mbali. Chanjo ya kifaduro huanza mtoto akiwa na wiki 6, kwa hiyo kabla ya hapo hana kinga hiyo. Vitambaa, kofia na tepe za kichwani ambazo amezitumia kwa watoto wengine asimvalishe wako. Tumia kanga zako safi. Asimpake poda wala mafuta ya kung'arisha, na kitovu kibaki kikavu, kisifunikwe na mapambo.

Wengi mnaniuliza kuhusu flashi. Flashi ya kawaida ya kamera haijulikani kuharibu macho ya mtoto, lakini humshtua. Mwanga wa dirishani ni mzuri zaidi.

Halafu hili la rangi. Mpiga picha akisharekebisha picha, mtoto anaonekana amenawiri hata kama ana manjano. Usimpime mtoto kwa picha, wala usimtumie shangazi aliye Dar picha ili akuambie kama mtoto ni mzima. Mtazame kwenye mwanga wa mchana: macho, viganja, nyayo. Viganja na nyayo zikiwa za njano, au manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akikataa kunyonya, akipumua haraka mara 60 au zaidi kwa dakika, akiwa wa moto au wa baridi, au akipata degedege. Picha zitasubiri. Ndiyo maana mkubaliane mapema kwamba tarehe inaweza kusogezwa bila kupoteza malipo uliyotanguliza. Kwa mtoto njiti au aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, zungumza kwanza na muuguzi wako.

Jambo la mwisho la kuuliza ni picha zitakwenda wapi. Wapiga picha wengi huziweka kwenye kurasa zao kujitangaza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtoto ni taarifa yake. Ridhaa unaitoa wewe mzazi au mlezi. Kama hutaki, mwandikie, hata kwa ujumbe wa simu, ili uwe na ushahidi. Hasa picha ambazo mtoto hana nguo, na zile zinazoonyesha jina lake kwenye kadi ya kliniki.

Na kama hela haipo, fungua dirisha asubuhi, mlaze juu ya kanga yako akiwa ameshiba, mwambie baba yake ashike simu.