Umande

Ukipita shambani Palma alfajiri, majani ya muhogo hukulowesha mpaka magotini. Huo ni umande wanaoujua wote. Kamusi za zamani zinalipa neno hili maana nyingine pia: upepo utokao bara alfajiri, unaojaza tanga la mvuvi aendaye baharini. Maji na hewa ndani ya neno moja. Nalipenda kwa hilo.

Linafaa sana kuelezea tritiamu, yaani hidrojeni nzito yenye mionzi, ambayo nusu yake hutoweka kila miaka 12.3. Huzaliwa juu angani, kisha majaribio ya mabomu ya nyuklia yakaizidisha mno, hata mvua za 1963 zikafikia kilele. Ikishikamana na oksijeni huwa maji, basi hufuata njia zote za maji: hunyesha, huzama mchangani, hunywewa na mizizi, hutoka majanini kama mvuke, na usiku hurudi na umande. Hata ikibaki gesi, vijidudu vya udongoni huigeuza maji. Kiasi kilichomo mvuani leo ni kidogo mno, hakidhuru.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limekuwa likipima tritiamu katika mvua za miji mingi tangu miaka ya 1960, Entebbe na Dar es Salaam zikiwemo. Maji ya kisima yasiyo na tritiamu kabisa yaliingia ardhini kabla ya mabomu hayo, yaani hayajazwi upya na mvua za karibuni. Visima vya pwani, vinavyonyemelewa na chumvi vikichotwa kupita kiasi, vipimwe hivyo kabla ya kuchimba vingine.