Jumapili Baada ya Saa Nane: Historia Fupi ya Matembezi ya Mume na Mke

Katika historia tunayofundishana vyuoni, siku ya kazi imeandikiwa kurasa nyingi na siku ya mapumziko haina hata sura moja. Tunaujua mgomo wa 1947 ulioanzia kwa wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam na kusambaa nchini. Ni mara chache tunauliza wafanyakazi wale, walipopata Jumapili yao, walikwenda wapi nayo, na walikwenda na nani. Makala haya yanauliza swali hilo kupitia jambo linaloonekana dogo: matembezi ya mume na mke mwishoni mwa juma, hasa upande wa Bunju, ambako jiji linakaribia kukomea kwenye mto Mpiji na Mkoa wa Pwani kuanza.

Hoja yangu ni kwamba matembezi hayo yana historia ya kisiasa. Ili watu wawili watoke pamoja kwenda kupunga upepo, wanahitaji vitu vitatu: muda unaowakuta wote wawili, fedha inayobaki baada ya chakula, na mahali ambapo hakuna atakayewafukuza. Kila kipindi cha historia yetu kimetoa kimoja na kuzuia kingine.

Tuanze na ukoloni. Mshahara wa Mwafrika mjini ulikokotolewa kwa kipimo cha kapera: mwanamume mmoja, sahani moja, kitanda kimoja. Mke na watoto walihesabiwa kuwa wako kijijini, na jembe la mke ndilo lililotarajiwa kuziba pengo la mshahara wa mume. Katika mashamba ya mkonge jambo hili lilikuwa wazi zaidi. Kibarua alifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na siku aliyopumzika haikuwamo kwenye kadi. Mfumo huo uliwatenga mume na mke kabla hata hawajafikiria Jumapili.

Mahali nako palipangwa kwa rangi. Dar es Salaam ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na mitaa ya Waafrika kama Kariakoo na Ilala, na uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuitenga mitaa hiyo na mji wa kati. Upepo mzuri wa bahari pale Oysterbay ulitengewa makazi ya Wazungu. Aidha, Kanuni ya Adhabu ilimfanya mtu anayetembea bila shughuli inayoeleweka na askari kuwa mzururaji, na uzururaji ni kosa. Watu hawakukosa furaha kwa sababu hiyo: walikuwa na ngoma, beni, dansi na kandanda. Hata hivyo, starehe hizo zilifanyika ndani ya mitaa waliyopangiwa. Kutoka wawili bila shughuli na kwenda kuketi mbele ya bahari lilikuwa jambo jingine.

Badiliko la kwanza lilikuja kupitia mshahara. Mwaka 1957 Dar es Salaam iliwekewa kima cha chini cha mshahara kwa sheria, na mwaka 1962, baada ya uhuru, suala la kima hicho liliangaliwa upya kwa nchi nzima kwa msingi kwamba mshahara ubebe familia. Mfanyakazi akaanza kuhesabiwa kuwa ana mke. Ndipo yakatokea maeneo ya kwenda wawili au na watoto: sinema ya magari ya Msasani iliyofunguliwa 1966, ambako watu walitazama filamu wakiwa ndani ya magari yao, na Kijiji cha Makumbusho kilichofunguliwa 1967 kando ya barabara ya Bagamoyo.

Wakati huohuo hoteli za kitalii zilikuwa zikisimama katika pwani ya kaskazini, Kunduchi na Bahari Beach. Mwaka 1970 wanafunzi wa Umoja wa Vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha gazetini mjadala mkali juu ya utalii na ujamaa, na Issa Shivji akaukusanya katika kitabu kilichotoka 1973. Walihoji kama taifa linaloujenga ujamaa linaweza kuuza ufukwe wake kwa fedha za kigeni na kuwafanya vijana wake kuwa wabeba sinia. Mjadala huo unastahili kusomwa upya leo, kwa kuwa chini yake kuna swali ambalo bado halijajibiwa: Mtanzania mwenyewe anafika ufukweni akiwa nani? Mhudumu, mlinzi, au raia aliyekuja kukaa?

Kabla swali hilo halijapata jibu, hali ya uchumi ililisukuma kando. Bei ya mafuta ilipanda kuanzia 1973, njaa ikafuata, kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Serikali ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ila kwa kibali. Wakati huo ofisi za serikali zilifanya kazi hadi Jumamosi mchana. Fanya hesabu, ndugu msomaji: mtumishi aliyetoka ofisini saa sita Jumamosi, akiwa na gari la kuazima au la kwake, alikuwa na saa zipatazo 26 za kutembea na mkewe kabla barabara haijafungwa. Asiye na gari alitegemea mabasi ya UDA, ambayo hayakuwahi kutosha, hadi daladala zilipohalalishwa 1983.

Saa hizo 26 zilitumika wapi? Kwa wakazi wengi wa mjini, zilitumika shambani. Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya katikati ya miaka ya 1970 ilimtaka kila mtu alime, lakini tumbo lilikuwa limeshatoa amri hiyo mapema zaidi, kwa kuwa thamani ya mshahara ilikuwa ikianguka mwaka hadi mwaka. Bunju, Boko, Tegeta na Mbezi yalikuwa mashamba ya watu wa mjini. Walimu, makarani, wauguzi na maofisa walikuwa na eka moja au mbili za mihogo, kunde, minazi na mikorosho.

Matembezi ya mume na mke yakafuata kalenda ya mvua. Machi walikwenda kupanda mvua za masika zilipoanza. Aprili na Mei walikwenda palizi, ikiwa njia ilipitika. Wakati wa kipupwe walivuna mahindi. Vuli walipanda tena, na huku wakiokota korosho. Walirudi na mzigo wa mihogo na nazi kabla ya saa nane, au walilala hukohuko bandani. Je, hayo yalikuwa mapumziko? Kwa mshahara wa wakati ule, yalikuwa kazi ya pili. Lakini yalikuwa pia saa chache ambazo mume na mke walikuwa peke yao, mbali na ofisi, foleni ya duka la ushirika na kikao cha tawi. Mwanahistoria asiziandike saa hizo kama kilimo tu.

Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na misako ikafanyika mjini kuwatafuta wasio na kazi inayotambulika. Tazama jinsi mkondo ulivyojirudia: kama ilivyokuwa chini ya sheria ya kikoloni ya uzururaji, mtu aliyetembea tu alitakiwa ajieleze. Dola mbili tofauti, moja ya kikoloni na nyingine ya kizalendo, zilikubaliana kwamba mwili wa maskini usipokuwa kazini unatiliwa shaka.

Miaka ya 1990 ilibadili shamba kuwa kiwanja. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha, na mbio za ardhi zikaanza waziwazi. Mwaka 2002 ulianza mradi wa viwanja 20,000 jijini, na Bunju ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyopimwa. Safari ya Jumamosi ikapata sura mpya. Mume na mke walikwenda Bunju kumsimamia fundi, kuhesabu matofali na kuona kama saruji ya Wazo Hill waliyoilipia imefika yote. Wengi walitumia miaka kumi ya Jumamosi kwa namna hiyo. Nyumba ilipofikia lenta, ilisubiri. Ilipoezekwa, walihamia.

Wengine hawakuchagua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa wakazi wa mabondeni, na mwanzoni mwa 2012 familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande, jirani na Bunju, zikaanza maisha katika mahema. Watu waliokuwa wakifika kazini kwa miguu wakajikuta wanalipa nauli mbili au tatu kwa safari moja.

Kwa wote hawa, mahali palipokuwa pa Jumapili pakawa pa kulala. Anayeishi Bunju na kufanya kazi mjini anaamka kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kazi kwa wiki, siku zisizozidi sita, na pumziko la angalau saa 24 kila wiki. Ni sheria nzuri, lakini ina mapengo mawili. Kwanza, haihesabu saa za foleni. Pili, inamhesabu mfanyakazi mmojammoja. Mlinzi anayepumzika Jumanne na mkewe mwenye genge linalouza zaidi Jumapili kila mmoja anaweza kuwa na siku yake, na bado mwaka ukaisha hawajatoka pamoja hata mara moja. Kwa dereva wa bodaboda na mama lishe, saa hizo 45 ni habari za watu wengine.

Na wakipata siku moja, waende wapi? Pwani iko karibu, Mbweni na Ununio. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari. Ukitembea huko utaona kuta zinazoshuka hadi mchanga unapoanza, na vichochoro vya kufika majini vikizibwa kimoja baada ya kingine. Kisiwa cha Mbudya, hifadhi tangu 1975, kinahitaji nauli ya boti na kiingilio, na msimu wa kusi bahari si rafiki. Ufukwe wa Coco, ambako mihogo ya kukaanga na mishikaki ni chakula cha wasio na uwezo wa hoteli, ulibishaniwa mahakamani kwa miaka mingi kati ya manispaa na kampuni binafsi.

Upande wa bara kuna msitu wa Pande, uliotangazwa pori la akiba mwaka 1990. Nchi nyingine ingeufanya bustani ya jiji. Sisi tuliujua kwa habari nyingine. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa huko, na maofisa wa polisi wakafikishwa mahakamani. Juni 2012 Dkt. Steven Ulimboka, aliyekuwa akiongoza mgomo wa madaktari, alitekwa, akateswa, na kukutwa katika msitu wa Mabwepande. Sasa pori liko chini ya TAWA na linakaribisha wageni. Ni hatua njema. Lakini mzazi wa Bunju anayemwambia binti yake asipite huko ana kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo haifutwi kwa bango la utalii wa ndani. Inafutwa kwa haki kutendeka na kuonekana.

Ibara ya 9(f) ya Katiba yetu inaielekeza serikali kudumisha heshima ya binadamu kwa kufuata Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu la 1948, na ibara ya 24 ya Tangazo hilo inataja mapumziko kuwa haki ya kila mtu. Kwa watumishi wa halmashauri wanaosoma ukurasa huu, haki hiyo inaweza kuandikwa kwa lugha ya bajeti na ramani. Pimeni na mchapishe njia zote za umma zinazofika baharini kuanzia Kunduchi hadi Mpiji, na wekeni alama katika kila njia. Tajeni viwanja vya wazi vilivyokuwamo katika michoro ya 2002 na mseme vimekwenda kwa nani. Kwa wanafunzi na wanaharakati, kazi ni kuiomba michoro hiyo kwa maandishi, mtaa kwa mtaa, na kuilinganisha na kilichojengwa.

Barabara ya Bagamoyo haifungwi tena Jumapili saa nane. Kinachofungwa siku hizi ni kichochoro cha kwenda baharini, na mwenye kukifunga hahitaji kutangaza redioni.