Nyuzi za Litungu na Nyuzi za Gitaa

Sisi tusomeshao Kiswahili huku Namakwekwe, mjini Mbale, twasikia mara kwa mara kwamba litungu limepoteza asili yake tangu lilipofungwa nyuzi za dukani. Neno hili lafaa lipimwe kwa historia.

Litungu ni chombo cha Wagisu wakaao chini ya Mlima Elgon, na cha jamaa zao Wabukusu wa upande wa Kenya. Nyuzi zake, aghalabu saba, hutandwa kutoka kwenye bakuli la mti lililowambwa ngozi hadi kwenye mti wa juu uliokingamishwa. Zamani nyuzi hizo zilikuwa za kano za ng'ombe, zilizokaushwa, zikachambuliwa na kusokotwa. Siku hizi wapigaji wengi hutumia nailoni, uzi ule ule wa wavuvi.

Je, wageni walibaki na asili yao? La. Kwa karne nyingi gitaa la Ulaya lilifungwa nyuzi za matumbo ya kondoo. Nailoni ilitangazwa na kampuni ya Du Pont ya Marekani mwaka 1938. Katika miaka ya 1940 Albert Augustine, fundi wa New York, alitengeneza kwayo nyuzi za gitaa, na Andrés Segovia, mpigaji mashuhuri wa Hispania, akazikubali. Basi gitaa na litungu vyote viwili vimeacha uzi wa mnyama na kushika uzi wa kiwanda, wala hakuna asemaye kwamba gitaa limekufa.

Hata hivyo, kubadili uzi kuna sheria zake. Nyuzi sita za chuma huvuta gitaa kwa nguvu ya kilo 70 hivi au zaidi, hali zile za nailoni huvuta kwa kilo 40 hivi. Gitaa lililoundwa kwa nailoni likifungwa chuma, shingo hupinda na kiegemeo cha nyuzi huweza kung'oka. Kwa hiyo fundi huchagua kwanza uzi ulio sawa na chombo. Huulegeza ule mkuukuu kabla ya kuutoa, huufunga mpya, kisha huukaza polepole huku akisikiliza. Uzi mpya hunyumbuka na sauti yake hushuka, hata hana budi kuukaza tena na tena mpaka utulie. Mpigaji litungu naye hufanya vivyo hivyo kwenye mti wake wa juu, na kipimo chake ni sikio.

Sikio hilo ndilo urithi, na laweza kuishi juu ya kano au juu ya nailoni. Kilicho hatarini ni elimu ya kusokota kano pamoja na maneno yake: jina la kila uzi, na namna ya kusema kwamba umelegea au umekaza mno. Wenye kuyajua ni wazee. Walimu wenzetu, tuwapeleke wanafunzi wakakae nao, wayaandike maneno hayo kwa Kigisu na kwa Kiswahili, kabla wazee hawajatutoka.