Refa na Mkuu wa Shule

Vijana wengi niliowafundisha walidhani kwamba refa alizaliwa siku moja na mpira. Sivyo. Sheria za kwanza za chama cha soka cha Uingereza, zilizoandikwa London mwaka 1863, zilikuwa 13 tu, na hakuna hata moja iliyomtaja refa. Walioziandika walikuwa mabwana, wengi wao wakiwa wamesoma katika shule za bweni za watu wenye nafasi, na imani yao ilikuwa kwamba muungwana hachezi rafu kwa makusudi. Akikosea atakiri mwenyewe, na manahodha wawili watalimaliza jambo hilo kwa maneno.

Nilipokuwa nikifika hapo darasani, wanafunzi walicheka sana. Walikuwa wameshaziona mechi zetu za mtoano, ambazo anayefungwa hupanda lori kurudi kwao siku hiyo hiyo, na walijua kwamba katika mechi hizo hakuna anayekiri chochote. Mimi pia nilicheka nao. Baadaye nilikuja kuacha kucheka, na sababu yake nitaieleza, ingawa haina sifa kwangu.

Ugomvi huu, ndugu msomaji, ni mali ya shule tangu mwanzo. Huko Uingereza shule ya Eton ilikuwa na mpira wake, Harrow wake na Rugby wake. Wengine waliudaka kwa mikono, wengine waliona kuudaka ni ushenzi. Vijana hao walipokutana chuo kikuu cha Cambridge hawakuweza kucheza pamoja bila kubishana, ndipo mwaka 1848 baadhi yao wakakaa kitako na kuandika kanuni za pamoja. Kwa hiyo sheria ya mpira ilitokana na vijana wa shule mbalimbali ambao kila mmoja aliamini kwamba ya kwao ndiyo ya haki.

Baadaye kila timu ikawa na mwamuzi wake. Msomaji asome vizuri hapo: mwamuzi wake. Waamuzi walikuwa wawili, kila mmoja ametoka upande mmoja, na hawakuamua lolote mpaka wachezaji walalamike. Kama ilivyotarajiwa, mara nyingi wawili hao hawakukubaliana. Hapo akatafutwa mtu wa tatu wa kusimama nje ya mstari, ili wale wawili wakishindwana shauri lipelekwe kwake. Jina la refa kwa Kiingereza lina maana hiyo hasa, yaani mtu wa kupelekewa shauri. Mwaka 1891 ndipo alipoingizwa uwanjani na kupewa mamlaka yote, na wale wawili wakasukumwa pembeni wakawa washika vibendera. Mwaka huo huo ilianzishwa penalti, ambayo ilikuwa imependekezwa na mlinda mlango mmoja wa Ireland aitwaye William McCrum. Baadhi ya waungwana wa zamani waliichukia penalti kwa sababu waliona ni kuwatangaza kuwa wao ni wadanganyifu.

Kwetu nako mpira uliingia kwa mlango wa shule. Mwishoni mwa karne ya 19, wanafunzi wa chuo cha misheni cha Kiungani, Unguja, walikuwa tayari wanacheza, na wengi wao walitumwa bara kuwa walimu na wahudumu wa kanisa. Katika mazingira kama hayo ugomvi na refa ulikuwa mgumu. Mpira wenyewe uliwekwa ofisini kwa mwalimu, sheria zilikuwa kichwani mwake, na fimbo ilikuwa nyuma ya mlango. Nani angembishia?

Mambo hubadilika pale shule moja inapokutana na nyingine, kwa sababu mwalimu anayepuliza filimbi ni mwalimu wa shule fulani. Wakati wangu, katika michezo ya UMISSETA, mashindano yalipanda kutoka shule jirani hadi wilaya, kisha mkoa, kisha taifa. Refa wa chama cha mpira alihitaji nauli na posho, na fedha hizo aghalabu hazikuwapo. Basi tulipuliza sisi walimu. Nilipuliza kwa miaka minane, na sikutambua kwamba tulikuwa tumerudi nyuma ya mwaka 1891, kwenye wakati ule wa mwamuzi wake.

Kazi yenyewe ilianza kuharibika kabla ya mechi. Ulifika kwenye shule ya wenyeji tangu asubuhi, umesafiri nyuma ya pikapu, una njaa. Mwalimu mwenzako anakukaribisha bwaloni. Ukila, jioni wageni watasema, "Amekula wali wa wenyeji." Usipokula, wenyeji watasema umekuja na kinyongo. Nakumbuka mwaka mmoja kamati yetu iliamua kwamba marefa wapikiwe peke yao, mbali, na mpishi asitoke shule yoyote inayocheza. Wiki haikuisha, uvumi ukaenea kwamba mpishi ni shangazi wa nahodha fulani. Tukajaribu kupiga kura asubuhi ya mechi ili jina la refa lisijulikane usiku wake. Hiyo ilisaidia kidogo. Kilichosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni wakuu wa shule wachache waliokuwa wakisimama mbele ya wanafunzi wao kabla ya mechi na kusema kwamba atakayemtukana refa atafagia uwanja mwezi mzima. Mwanafunzi humtazama mkuu wake kabla ya kuokota jiwe. Nilikuwa nikiwaambia walimu vijana maneno hayo, na nilikuwa na hakika kwamba mimi ni mmoja wa wakuu hao.

Sheria ya kuotea nilifundishwa chuo cha ualimu mwaka 1973. Mkufunzi wetu alipanga vifuniko vya soda juu ya meza, vyekundu wao, vyeusi sisi, akatuzungusha mpaka tukaelewa. Mshambuliaji akiwa sawasawa na beki wa mwisho, wakati nyuma yao kuna mlinda mlango tu, ameotea. Lazima beki awe karibu zaidi na goli kuliko yeye. "Sawa ni kuotea," ndivyo tulivyokariri, na katika mtihani nilipata alama zote.

Mwaka 1991 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari, na timu yetu ilifika nusu fainali ya mkoa. Refa alikuwa mwalimu kijana kutoka shule nyingine, mwaka wake wa pili kazini, mwembamba, amevaa kaptula iliyompwaya. Mechi ilikuwa bila kwa bila hadi kipindi cha pili kilipokuwa kinaelekea mwisho. Mpira mrefu ukapigwa, mshambuliaji wao akatoka sambamba na beki wetu, akamzunguka mlinda mlango, akafunga. Nilikuwa nimekaa kwenye viti vya wageni, usawa wa mstari hasa. Niliona vizuri. Walikuwa sawa. Kibendera kiko chini, na refa anaonyesha katikati ya uwanja.

Niliinuka, nikaingia uwanjani. Mkuu wa shule, mwenye suti, akiingia uwanjani, hakuna wa kumzuia. Nikamwuliza, kwa sauti ya kusikika na wote, "Kijana, sheria umejifunzia wapi?"

Akanijibu kwa adabu, "Mkuu, alikuwa sawa na beki. Sawa siyo kuotea."

Nikacheka. Kicheko hicho ndicho kilichofanya yote yaliyofuata, kwa sababu wachezaji wangu walikisikia, na wanafunzi waliozunguka uwanja walikiona. Nikawaambia wachezaji watoke nje, nao wakatoka. Mawe yakaanza kuruka kutoka upande wetu, na matope, maana mvua ilikuwa imenyesha. Refa alifungiwa katika stoo ya majembe mpaka gari la wilaya lilipokuja kumchukua, akiwa amepasuka juu ya nyusi.

Kamati ilitutoa mashindanoni na kutufungia mwaka uliofuata. Niliandika malalamiko ya kurasa mbili, nikainukuu sheria ya kuotea kama nilivyoikariri.

Miezi michache baadaye tuliitwa kwenye semina ya wakuu wa shule kuhusu mambo ya mitihani. Afisa michezo aliyekaa karibu nami alikuwa na karatasi za sheria za mpira zilizotolewa nakala, nikaziazima ili nimwonyeshe jambo. Nilichokisoma ni kwamba bodi inayotunga sheria za mpira, ile iliyoundwa mwaka 1886 na vyama vinne vya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, na ambayo FIFA iliingia mwaka 1913, ilikuwa imeibadili sheria hiyo mwaka 1990. Anayelingana na beki wa mwisho hajaotea. Walitaka magoli yaongezeke. Yule kijana alikuwa amehudhuria mafunzo ya marefa wakati wa likizo, na mimi sikuwa nimefungua kitabu cha sheria tangu nilipoacha kupuliza. Nilisoma mara tatu. Kisha nikamrudishia afisa karatasi zake bila kumwonyesha lile jambo.

Katika kusoma kwangu historia ya marefa, mtu aliyenigusa kuliko wote ni Mwingereza Ken Aston. Naye alikuwa mwalimu, tena mkuu wa shule huko Ilford, pembeni mwa London. Mwaka 1962 alichezesha Chile na Italia mjini Santiago, katika Kombe la Dunia, mechi ambayo watu walipigana ngumi na mateke mpaka polisi wakaingia uwanjani zaidi ya mara moja. Aliwatoa Waitaliano wawili, na Chile wakashinda 2-0. Mwaka 1966 alikuwa msimamizi wa marefa, na akaona Uingereza ilipocheza na Argentina jinsi nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, alivyogoma kutoka baada ya kufukuzwa na refa Mjerumani, huku hawa wawili hawana lugha ya pamoja. Akiwa anaendesha gari kurudi nyumbani, akasimamishwa na taa za barabarani, na hapo akapata wazo la kadi ya njano na nyekundu. Zilitumika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970, na jambo la kuchekesha ni kwamba katika mashindano hayo yote hakuna aliyeonyeshwa nyekundu.

Mkuu wa shule huyo aliudhiwa uwanjani kuliko nilivyoudhiwa mimi, akaenda nyumbani kutafuta namna ya kumfanya refa aeleweke. Lakini hata kadi zake zisingemsaidia kijana wetu. Alikuwa nazo mfukoni siku ile, zote mbili, ila zamani hizo kadi zilikuwa za wachezaji. Sheria ilimruhusu refa kuwaonyesha kadi makocha na viongozi wa benchi mwaka 2019, miaka 28 baadaye, na hata hiyo sina hakika kama inamfikia mkuu wa shule aliyetoka kwenye viti vya wageni.

Nilikwenda kumtafuta mwaka 1993. Alikuwa amehamishiwa shule ya mbali, anafundisha hisabati. Alinipa shikamoo, akaniletea kiti nje. Nilimweleza yote, pamoja na zile karatasi za semina. Alisikiliza, akasema, "Nilijua utakuja kuisoma tu, Mkuu." Nilipomwuliza kama bado anapuliza, alisema mke wake alimkataza. Kovu lilikuwapo.

Wanafunzi niliwaambia pia, asubuhi moja paredi. Walinisikiliza kimya, lakini hao walikuwa wengine. Waliocheza siku ile, wengi walikuwa kidato cha nne na walikwisha kuondoka. Miongoni mwao alikuwamo mlinda mlango wetu, kijana hodari, ambaye wateuzi wa timu ya mkoa walikuwa wamekuja kumtazama. Tulipofungiwa, jina lake liliondoka pamoja na la shule.

Nilikutana naye stendi ya mabasi miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima mwenye watoto, anauza vipuri. Tulikula chakula pamoja. Nikamwambia lile lilikuwa goli halali.

"Mimi nilijua, Mwalimu," alisema. "Refa alituambia sheria mpya kabla hatujaanza, sisi na wao, pale katikati." Akanawa mikono. "Nilikuwa nataka turudi tucheze. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili."